Kitunguu si anasa: tusimhukumu mama mhami kwa sufuria yake

Wasikilizaji wetu wa Goma na Nyiragongo wamenizoea kwa habari za barabara, za mgao na za usalama. Leo naandika juu ya kitunguu. Anayetaka kucheka acheke kwanza, kisha anisikilize. Nina deni kwa wamama wa Kanyaruchinya, na deni hilo lilianzia kwenye kitunguu.

Mwaka 2023 nilipita kambini siku mbili baada ya mgao wa chakula. Kando ya barabara ya Rutshuru niliwaona wamama wamekaa na unga wa mahindi mbele yao, wanaupima kwa kopo la Guigoz na kuwauzia wapita njia. Hatua chache mbele niliwaona wengine, franka zimekunjwa mkononi, wameinama kwenye mafungu ya vitunguu wanachagua. Kesho yake asubuhi nikafungua mikro nikasema: “Ndugu wasikilizaji, watu wanapewa chakula cha msaada, wanakiuza ili wanunue vitunguu. Je, mtu wa namna hiyo ana njaa kweli?”

Simu zikamiminika. Papa mmoja wa Majengo alisema wahami wa vita wamezoea vya bure. Mwingine akasema wafadhili wakisikia watakata msaada, na mzigo wote utarudi kwetu wenyeji. Nilitoka studio nikiwa na furaha, maana kipindi kikipigiwa simu nyingi mwandishi anajiona amefanya kazi.

Simu moja ilikuja baada ya kipindi. Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, hakuwa na hasira.

“Mwanangu, nimekusikia kwenye redio. Wewe unakulaka fufu na nini?”

Nikamjibu: na sombe, na maharagi, na sambaza zikipatikana.

“Na ndani ya sombe munatiaka nini?”

Nikasema mafuta, tomati, kitunguu, puaro kidogo.

“Aya. Sisi tulipewa unga, mashaza makavu, mafuta na chumvi. Kitunguu hakikukuwa ndani ya mufuko. Mimi nilikuwa nalima vitunguu Kibumba, leo nanunua vitatu. Kuja uone namna napika, kisha urudi useme tena.”

Nilikwenda. Nilichokiona huko ndicho kilichonifanya nibadilishe maneno yangu, na ndicho nataka kukieleza hapa, kwa sababu bado nasikia watu sokoni na kwenye daladala wakisema yale yale niliyoyasema mimi.

Hesabu ya kopo moja

Mama yule alikuwa na watu saba wa kulisha ndani ya hema moja la bashi. Kati ya unga wake wa mgao aliuza makopo mawili. Kwa franka alizopata alinunua makala kidogo, tomati mbili na fungu la vitunguu vitatu. Unga mwingine wote ulibaki ndani ya mfuko, umefungwa kwa kamba na kuwekwa juu ya jiwe ili unyevu usiufikie.

Nikamuuliza swali ambalo kila mtu anauliza: kwa nini usile makopo yale mawili, uachane na kitunguu? Hakunijibu kwa maneno mengi. Alisema wiki ya kwanza walikula mashaza ya maji na chumvi kila siku. Siku ya tatu mtoto wa miaka minne alisukuma sahani. Siku ya nne wakubwa nao walikula fufu nusu, nusu nyingine ikabaki sufuriani ikachacha. “Unga niliomwaga siku ile ulikuwa mwingi kuliko ule niliouza,” akasema.

Sisi tuliosoma kidogo tunapenda kuhesabu chakula kwa kilo. Mpishi anahesabu kile kinachoingia tumboni. Kilo ya unga ambayo mtoto ameikataa haijamlisha mtu. Mtoto mwenye homa, mzee asiye na meno, mama anayenyonyesha akiwa na mawazo ya vita, hawa wote wanahitaji chakula kinachowaita. Na kitu cha bei ya chini kabisa kinachofanya mashaza yaite, hapa kwetu, ni kitunguu kilichokaangwa katika mafuta.

Kwa hiyo mama anayebadilisha makopo mawili kwa vitunguu vitatu ameokoa mfuko uliobaki. Ni hesabu ya mtu anayejua jiko lake.

Waliolima sasa wananunua

Kuna jambo lingine linalouma zaidi, na mimi mtoto wa Goma nilipaswa kulikumbuka kabla ya kufungua mdomo.

Kibumba iko kilomita zipatazo 20 kaskazini ya mji, kati ya volkano ya Nyiragongo na mlima Mikeno. Udongo wake ni ule mweusi wa volkano. Kabla ya vita hivi, asubuhi ungeona chukudu zikiteremka kutoka kule zikiwa zimebeba kabichi, viazi, karoti, puaro na vitunguu, mwenyewe amesimama juu na mguu mmoja, breki ni kipande cha mpira wa gurudumu. Vitunguu vingi tulivyokatia sambaza zetu hapa Goma vilitoka katika mikono ya watu wa kule.

Mwishoni mwa mwaka 2022 vita vilifika Kibumba, na watu walikimbilia Kanyaruchinya na godoro kichwani. Mazao waliyaacha ardhini.

Na kitunguu si zao la mtu anayekimbiakimbia. Mbegu inakaa kitaluni wiki sita mpaka nane, kisha unahamisha miche, unapalilia, unangoja tena miezi mitatu au zaidi mpaka majani yalale yenyewe. Baada ya kung'oa, unakianika mpaka shingo ikauke. Ukivuna mapema kwa kuogopa risasi, kinaoza. Mhami anayeiba nafasi ya kurudi shambani siku mbili anaweza kuchuma majani ya maharagi au kuchimba viazi vichache. Hawezi kulima kitunguu. Ndiyo maana kati ya mahema mliona lengalenga, inayokuwa tayari kwa wiki chache, wala hamkuona vitunguu.

Leo sehemu ya vitunguu vya soko la Virunga inavuka mpaka. Wilaya ya Rubavu, upande wa Rwanda, inajulikana kwa kulima vitunguu, na kila asubuhi wamama wanavipitisha Petite Barrière kichwani. Siwalaumu, nao wanatafuta maisha kama sisi. Lakini fikiria: mama aliyekuwa na kitalu chake mwenyewe anasimama mbele ya fungu la franka 500, anageuza kitunguu cha mtu mwingine mkononi. Kisha kijana wa redio anamuuliza kama ana njaa kweli.

Namna ya kuchagua, kama alivyonifundisha

Siku ile mama hakunihubiria. Alinipeleka sokoni kwanza. Nilidhani najua kununua kitunguu. Kumbe nilikuwa nanunua ukubwa na rangi. Naandika hapa aliyonionyesha, kwa sababu franka 500 ya mhami, na hata ya mwenyeji asiye na kazi, haina nafasi ya kupotea.

Angalia shingo kwanza. Shingo ikiwa nyembamba na kavu, kitunguu kilivunwa kwa wakati wake na kitadumu. Shingo nene, laini au yenye unyevu inasema kiling'olewa mbichi. Kinaoza kuanzia hapo kwenda ndani wakati nje bado kinang'aa.

Bonyeza kwa kidole gumba, juu na chini. Kitunguu kizuri kinakataa kidole. Kikilegea sehemu moja tu, usijidanganye kwamba utakata sehemu hiyo na kutupa. Mara nyingi ganda la katikati limeshaoza lote, na harufu yake itaingia hadi kwenye sufuria.

Tazama vumbi jeusi. Chini ya ganda la nje, hasa wakati wa mvua, kunatokea unga mweusi kama wa makala. Huo ni ukungu. Kikiwa nao kidogo juu tu, menya ganda mbili, uoshe, upike siku hiyo hiyo. Ukiwa umeingia ndani, rudisha.

Pima uzito mkononi. Kati ya viwili vya ukubwa mmoja, chukua kizito. Chepesi kimekauka ndani au kimetumia nguvu yake kuotesha.

Vidogo ni bora kuliko kimoja kikubwa, kwa mtu asiye na friji. Hili sikuwa nimelifikiria. Kikubwa utakikata nusu, nusu nyingine ilale ndani ya hema, ikauke au ivutie nzi. Vidogo vitatu ni siku tatu, kila siku na chake.

Kilichoota si kibaya, ila ni cha leo. Majani yanayochomoza yanaliwa na yana ladha. Mwambie muuzaji apunguze bei au aongeze kimoja, kisha ukipike jioni hiyo.

Na mwisho, geuza fungu. Wauzaji wetu tunawajua: vizuri vinakaa juu, vilivyochoka vinashika mkia chini. Omba kwa heshima, “Mama, naomba nigeuze,” na ugeuze. Muuzaji mwaminifu hakatazi.

Ukifika nyumbani, usiviache ndani ya mfuko wa plastiki. Vinatoa jasho na kuoza. Vitie ndani ya kikapu au kipande cha wavu kama ule wa mifuko ya viazi, uvitundike mahali penye hewa. Usivichanganye na viazi. Vinaharibiana kwa unyevu. Chini ya bashi, ambako usiku maji yanadondoka ndani hata bila mvua, kutundika juu ndiyo dawa.

Kupika na makala kidogo

Sasa jikoni. Alikuwa na mafiga matatu ya mawe ya volkano na makala ya kujaza viganja viwili. Mashaza yalikuwa yamelala kwenye maji tangu usiku, ili yasile makala mengi. Aliyatia sufuriani, akakata kitunguu kimoja katikati. Nusu aliikatakata na kuitia humo humo yachemke pamoja, nusu akaiweka kando.

Mashaza yalipolainika na kuvunjika, akayaepua. Akatia mafuta kidogo kwenye sufuria ndogo, akakata ile nusu nyembamba sana, akaitia na chumvi kidogo. Chumvi inatoa maji ya kitunguu, hivyo kinalainika haraka bila kuungua. Akafunika kwa muda mfupi, akafunua, akageuza mpaka rangi ikawa ya dhahabu. Hapo ndipo tomati zikaingia. Nikauliza kwa nini zisiingie zote mara moja, tumalize. Akasema tomati ikitangulia, kitunguu kinabaki kigumu na kinachelewa, na makala yanakwisha. Nimejaribu nyumbani: ni kweli kabisa. Ukali wa tomati unakizuia kitunguu kulainika.

Mwishoni alimwaga yote, na mafuta yake, juu ya mashaza. Jirani wa hema la pili akainua kichwa. Watoto waliokuwa wakicheza na gurudumu wakarudi bila kuitwa. Sijui namna nyingine ya kueleza kwamba kitunguu kina kazi.

Maharagi yanapikwa hivyo hivyo: nusu ndani, nusu ya kukaanga mwisho. Nusu ya ndani inatoa utamu kwenye mchuzi, ya mwisho inaleta harufu. Ukitia vyote mwanzo, harufu inaondoka na moshi kabla hamjaketi.

Lengalenga haihitaji maji kabisa. Kaanga kitunguu kwanza, tupia majani yaliyooshwa na bado yana matone, funika kidogo, epua. Wengi wetu tunachemsha lengalenga mpaka inakuwa nyeusi, kisha tunamwaga maji yenye nguvu yake.

Sombe ni habari nyingine. Kitunguu na puaro vinatwangwa na majani au vinatiwa baadaye pamoja na mafuta ya ngazi, kila nyumba ina namna yake, sitaki kuwagombanisha wakwe na wakwerima. Jambo moja tu nasisitiza: sombe ichemke muda wake wote. Majani ya muhogo mabichi yana sumu inayotoka kwa kutwanga na kuchemsha vizuri. Ukitaka kuokoa makala, okoa kwenye chakula kingine, shirikianeni sufuria moja kubwa na jirani, lakini sombe usiikatishe.

Sambaza, kwa siku ambayo ziwa limekuwa na huruma, zikaange zikauke vizuri. Vipande vya kitunguu vya duara viingie mwisho kabisa, dakika mbili tu, na ndimu na pilipili. Hapo kitunguu kibaki na uhai wake, kikilia kidogo chini ya meno.

Na wale tunaotegemea vidonge vya supu vya dukani: vingi ndani yake ni chumvi. Sisemi msitumie. Nasema kitunguu kikikaangwa vizuri, nusu ya kidonge inatosha pale mlipokuwa mkitia viwili, na wazee wenye shinikizo la damu watawashukuru.

Neno moja la tahadhari, kwa kuwa nililisikia kambini. Kitunguu si dawa ya kipindupindu. Hakifukuzi kuhara kwa kuwekwa chini ya mto wala kwa kunywa maji yake. Mtu akianza kuhara maji maji, kituo cha afya mara moja, na njiani anywe maji safi yenye sukari na chumvi kama mlivyofundishwa. Kitunguu tukiheshimu kwa kazi yake ya sufuriani, inatosha.

Kwa wale wanaosema “msaada unauzwa”

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nalitoa. Mtasema: sheria ni sheria, chakula cha msaada hakiuzwi. Mtasema: leo ni kopo, kesho ni mfuko mzima.

Nakubali kwamba kuna wizi. Kuna majina kwenye orodha ambayo hayana mwili. Kuna mifuko inayoonekana kwenye depo za wafanyabiashara ikiwa bado imeshonwa kama ilivyotoka kwenye lori, na mfuko ulioshonwa haukuuzwa na mama wa watoto watano. Habari hizo tunapaswa kuzifuata, na ni kazi ngumu, maana wenye mifuko mingi wana simu nyingi za kupiga.

Ni rahisi zaidi kumwelekezea mikro mama mwenye kopo. Hana wa kumtetea, amekaa kando ya barabara, na picha yake inapatikana bila ruhusa. Nilifanya hivyo mimi. Nilichukua dhambi ya depo nikaitundika kwenye shingo ya mwenye kopo. Ndilo deni nililosema mwanzoni.

Tena tuulizane sisi wenyeji. Kuna nani Goma anayekula unga, mashaza, mafuta na chumvi, siku 30, bila kitu kingine? Hata mwaka 2024, tangu Februari, barabara ya Sake kuelekea Minova ilipokatika na vyakula vikawa vinapita ziwani mpaka Kituku kwa bei ya juu, sisi tulipunguza nyama, tukapunguza mchele. Kitunguu hatukukiacha. Tulinunua kimoja badala ya vitatu, lakini tulinunua. Kwa nini kile ambacho kwetu ni lazima, kwa mhami kiwe anasa?

Nadhani ni kwa sababu tunapomwona mtu ndani ya hema tunasahau kwamba alikuwa na nyumba. Tunaona mdomo wa kulisha. Yule mama alikuwa na jiko lake, na jirani walikuwa wanakuja kuomba moto na kuonja mchuzi wake. Vita vilimnyang'anya shamba na paa. Ujuzi wa kupika hakuuacha Kibumba, alikuja nao. Tukimwambia ale mashaza ya chumvi na anyamaze, tunamnyang'anya na hicho.

Ninachoomba

Kwa wanaogawa chakula: waulizeni wamama wanapika nini kabla ya kujaza lori. Mahali ambapo soko linafanya kazi, sehemu ndogo ya msaada itolewe kwa pesa, ili mtu anunue kitunguu, tomati na makala bila kupoteza unga kwa bei ya hasara. Maana kopo linalouzwa siku ya mgao linauzwa kwa bei ya kutupa; faida anaipata mnunuzi. Na pale mnapotoa mahindi ya punje, kumbukeni mashine ya kusaga nayo inataka kulipwa.

Kwa wauzaji wa soko: fungu la mhami lisiwe ndilo la kumalizia vilivyooza. Anayekuja na franka 500 amezitoa kwenye mdomo wa mtoto wake.

Kwa wababa wahami: mama akirudi na kitunguu, usimuulize pesa imeenda wapi. Onja kwanza.

Kwa sisi wenye mikro na telefoni: tukiona mtu anauza kopo, tumuulize ananunua nini, na kwa nini. Swali hilo moja lingeniokoa na aibu.

Na kwa wahami wenyewe, nina jambo dogo la vitendo, ambalo pia si langu. Siku ile nilipokuwa natoka, niliona nyuma ya hema kopo tupu la mafuta ya mgao, limetobolewa chini, limejazwa udongo uliobebwa kwa beseni, maana pale Kanyaruchinya ukichimba kidogo unakutana na jiwe la volkano. Ndani yake kulikuwa na majani mabichi ya kitunguu, membamba, yamesimama. Mama alikuwa amechukua vitunguu vilivyoota na vitako vya vile alivyokata, vile vyenye mizizi, akavipanda. Havitoi kitunguu kikubwa. Vinatoa majani, na majani unayakata kwa mkasi, yanaota tena mara kadhaa. Jua kidogo, maji ya kuoshea mboga, inatosha. Siku franka hakuna, majani yale yanaingia ndani ya mashaza.

Nilirudi kwenye mikro wiki iliyofuata. Nilisema nilikosea, nikaeleza kwa nini. Simu zilikuwa chache kuliko mara ya kwanza. Hivyo ndivyo ilivyo. Lakini mama yule alipiga. Hakusema asante, wala sikustahili. Aliuliza tu: “Na wewe, nyumbani kwako, tomati unaitia ya kwanza ao ya pili?”

Nikamjibu ya pili.

“Basi umesikia,” akasema, akakata simu ili asimalize unite.